Istilahi za Maumbo na Mwanafunzi wa Meru na Embu

Istilahi za jiometri ya awali katika Kiswahili si haba. Nukta, mstari, pembe, duara, mraba, mstatili, pembetatu, kipenyo, mzingo, eneo, mche na tufe ni maneno yaliyokwisha kukaa katika vitabu vya shule kwa miaka mingi, na mwalimu wa shule ya msingi huko Tanga au Mwanza huyatumia bila kusita. Swali la kama Kiswahili chaweza kufundishia hesabu za watoto lilijibiwa kwa vitendo nchini Tanzania tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Swali lililobaki ni la namna nyingine: istilahi hizo huwa kitu gani zinapovuka mpaka na kuingia katika nchi ambamo hazipewi kazi ya hesabu? Nchi ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, yafaa sana kwa uchunguzi huo, kwa kuwa huko mtoto hukutana na maumbo yale yale katika lugha tatu, na lugha hizo tatu hazikutanishwi.

Hali hiyo ina historia. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikageuza mwelekeo kwa madarasa matatu ya mwanzo, ikapendekeza yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na Taasisi ya Elimu ya Kenya ikatoa mfululizo wa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu. Mfululizo huo, kama jina lake lisemavyo, ulikuwa wa kusoma. Haukukusudiwa kuwapa watoto msamiati wa kupimia. Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, pamoja na mtihani wa KCPE, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Ndipo maneno ya maumbo yalipopata makao nchini Kenya. Makao hayo hayakuwa katika kitabu cha hesabu. Yalikuwa katika kitabu cha Kiswahili, chini ya kichwa cha habari «Maumbo», karibu na majina ya malipo, ya watu wafanyao kazi mbalimbali na ya vikembe vya wanyama.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo kiini cha tatizo. Istilahi ni neno lililoundwa ili mtu afanye nalo kazi fulani ya fikra. Kipenyo kipo ili kizidishwe, kigawanywe na kulinganishwa na mzingo. Pembe ipo ili ipimwe. Neno likiondolewa katika kazi yake na kuwekwa chini ya picha, lageuka kuwa jina tupu, na mtoto hulihifadhi kama ahifadhivyo kwamba mtoto wa simba ni shibli. Katika vipindi vya asubuhi mwanafunzi wa Imenti au wa Runyenjes husikia «trayango», «sako» na «rektango» kwa mwalimu wa hesabu, na huko hujumlisha, hupima na hukosolewa. Baadaye siku hiyo hiyo mwalimu wa Kiswahili humwonyesha michoro ile ile na kumwuliza: «Umbo hili huitwaje?» Jibu ni neno moja. Likishatamkwa, somo limekwisha. Nyumbani, kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, yuko mzee ajuaye kuchora duara ardhini kwa kamba, naye haulizwi na mwalimu yeyote kati ya hao wawili.

Madhara ya kulifanya neno kuwa jina la picha huonekana wazi zaidi katika mraba na mstatili. Kitabuni kila umbo lina mchoro wake na kila mchoro una jina lake. Mraba huchorwa pande zote sawa, mstatili huchorwa umelala, na pembenne, ili isifanane na wenzake, huchorwa ikiwa imepinda kila upande. Mtoto hujifunza kwamba haya ni maumbo matatu tofauti, kama kuku, bata na kanga. Lakini katika jiometri pembenne ni kundi zima: mraba ni pembenne, mstatili ni pembenne, msambamba ni pembenne. Umbo la neno lenyewe latangaza jambo hilo waziwazi, maana pembe ni pembe na nne ni nne, na hapana mtoto wa Meru au Embu asiyeweza kuhesabu pembe nne za mraba. Mchoro wa kitabuni humfundisha asiamini kile neno linachomwambia. Ni ajabu kwamba istilahi bora kabisa ya orodha nzima, ile ijielezayo yenyewe, ndiyo ipotoshwayo zaidi na namna ya kufundisha.

Kuhusu swali la kama mraba nao ni mstatili, uangalifu zaidi wahitajika. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. La kwanza lina asili ya hesabu ya nne, na la pili lina maana ya kitu kilichorefushwa. Kwa hiyo mstatili, kwa asili ya neno, humtoa mraba nje, kwa sababu mraba haukurefushwa. Mwalimu wa hesabu wa leo husema kinyume: kila mraba ni mstatili, kwa kuwa una pembe mraba nne. Nani kati yao amekosea? Euclid mwenyewe, katika ufafanuzi wa 22 wa kitabu chake cha kwanza, aliutenga mraba na umbo refu la pembe mraba kwa kulipa hilo la pili sharti la kutokuwa na pande sawa. Basi mwalimu wa Kiswahili anayetenganisha maumbo hayo mawili hana haja ya kuona haya, kwa maana anaye mwenza mkubwa. Kisichovumilika ni kwamba mtoto mmoja afundishwe mkataa mmoja saa tatu na mkataa mwingine saa tano, katika lugha mbili, bila mtu kumwambia kwamba hapo pana hitilafu yenye kuhitaji uamuzi.

Pembe ni neno gumu kuliko yote, na pia ndilo tajiri kuliko yote. Katika Kiswahili ni pembe ya ng'ombe, ni pembe ya ndovu, ni pembe ya chumba, ni pembe ya jiometri. Mwanafunzi aulizwapo mraba una pembe ngapi, huhesabu ncha nne na kupata jibu sahihi. Akiambiwa apime pembe, lazima aache ncha na atafute kitu kingine, yaani kiasi cha mgeuko kati ya mistari miwili inayokutana. Neno ni lile lile, na hakuna kilichomwonya. Walimu wa hesabu wa nchi nyingi wanalijua kosa la mtoto anayedhani kwamba pembe iliyochorwa kwa mistari mirefu ni kubwa kuliko ile iliyochorwa kwa mistari mifupi. Kosa hilo halikuzaliwa na Kiswahili, lakini Kiswahili hulipa nguvu, maana pembe ya fahali ina urefu na watu huisifu kwa urefu wake. Mtoto anayetoka katika boma la ng'ombe ana kila sababu ya kusema kwamba pembe ndefu ni kubwa kuliko pembe fupi.

Hata hivyo lugha iliyoleta maradhi imeleta na dawa. Pembekali na pembebutu ni jozi ya istilahi iliyobuniwa kwa akili kubwa. Ukali na ubutu ni sifa za kisu, panga na shoka. Hazihusiani hata kidogo na urefu. Panga refu laweza kuwa butu, na kisu kifupi chaweza kuwa kikali mno. Mtoto wa Igembe, ambako matawi ya miraa hukatwa na kufungwa kila siku, hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Mwalimu akianza na pembekali na pembebutu kabla ya kufafanua pembe kwa ujumla, ukali wa pembe utaeleweka kuwa hali ya ncha yake, na mtoto ataacha kupima mikono yake. Katika Kilatini maneno yaliyozaa istilahi za Kiingereza yalikuwa na maana hizi hizi za ukali na ubutu, ila mtoto wa Uingereza haisikii tena maana hiyo. Wa Embu huisikia, madhali tu maneno hayo yametamkwa mbele ya kipimapembe. Yakitamkwa katika kipindi cha msamiati, ambamo hakuna kipimapembe, faida yote hupotea.

Mfano mwingine ni mche. Hapa lawama za kawaida zina msingi: mtoto wa mkulima wa kahawa katika miteremko ya Embu hulijua neno mche kwa maana moja tu, nayo ni mmea mchanga wa kupandikiza. Akiambiwa kwamba mche ni umbo lenye nyuso mbili zilizo sawa na sambamba na pande zilizonyooka kati yake, hujiuliza kitalu kimeingiaje darasani. Wakosoaji wengine wamehitimisha kwamba neno hili ni la pwani na kwamba halifai bara. Wamesahau duka. Sabuni ya kipande kirefu huitwa mche wa sabuni, na sabuni hiyo huuzwa Maua na Chuka kama iuzwavyo Mombasa. Mwenye duka huukata mche huo kwa kisu au kwa waya, na kila akatapo, uso mpya hutokea ulio sawasawa na uso wa kwanza. Huo ndio ufafanuzi wa umbo lenyewe. Hakuna kitabu kilichoueleza vizuri zaidi. Wagiriki nao waliliita umbo hili kwa neno lililotokana na kitendo cha kukata kwa msumeno, na yaelekea waliona jambo lile lile juu ya gogo ambalo mwenye duka huliona juu ya sabuni. Mche mraba, mche duara na mche pembetatu ni maneno yanayofuata kwa utaratibu: jina la uso unaotokea baada ya kukata huongezwa mbele ya mche, na maana imekamilika. Kiingereza hakina utaratibu ulionyooka hivyo, kwani mche duara hupewa huko jina lake pekee lisilofanana na mengine.

Kwa duara, hazina ya mahali hapa ni kubwa na haijaguswa. Nyumba za kale za Wameru na Waembu zilikuwa za duara. Katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wagikuyu, ambao ni jirani na ndugu wa lugha, Jomo Kenyatta alieleza jinsi msingi wa nyumba ulivyochorwa: kijiti kikasimikwa katikati, kamba ikafungwa humo, na mtu akaishika ncha yake ikiwa imekazwa, akazunguka akichora ardhi hata akarudi alipoanzia. Kitovu, nusukipenyo na mzingo vyote vimo katika tendo hilo moja. Yafaa kutambua hapa kasoro ya istilahi yenyewe. Mjenzi huanza na kamba, yaani na nusukipenyo. Kipenyo chote hakimjii mkononi wala hakihitaji. Kiswahili kimepindua utaratibu huo, kikafanya kipenyo, chenye kupenya duara toka upande hata upande, kuwa neno la asili, na nusukipenyo kuwa kipande chake. Faida ya uundaji huu ni kwamba uhusiano wa vipimo viwili umeandikwa ndani ya jina, na mtoto hawezi kusahau kipi ni nusu ya kipi. Hasara yake ni kwamba kitu ambacho duara hutokana nacho kimepewa jina la mabaki. Kati ya faida na hasara hizo, faida yashinda katika darasa la hesabu. Katika darasa la msamiati hakuna iliyoshinda, kwa kuwa huko nusukipenyo hakigawanywi wala hakizidishwi.

Mzingo nao wastahili neno. Kiswahili hulitumia kwa duara na kwa maumbo yenye pande zilizonyooka vilevile, jambo ambalo Kiingereza hulifanya kwa maneno mawili yasiyofanana. Mkulima aliyezunguka shamba lake kwa miguu baada ya mipaka kupimwa upya katika miaka ya 1950, ulipotekelezwa Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, asingeona sababu ya kuwa na maneno mawili kwa mzunguko mmoja. Na huko Tharaka na Mbeere, ambako mizinga ya nyuki ya magogo yaliyochongwa hutundikwa mitini, neno mzingo husikika kama ndugu wa mzinga, nao mzinga ni mche duara uliotobolewa. Mwalimu aliyefikiria jambo hili ana somo zima juu ya mti.

Itasemwa kwamba dawa ya kweli ni kuchukua maneno ya Kimeru na Kiembu yenyewe. Kanuni ya wanaistilahi, kwamba neno litafutwe kwanza katika Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za Kibantu kabla ya kwenda ng'ambo, hulitia nguvu wazo hilo, na ikulu, ngeli na kitivo ni ushahidi kwamba kanuni hiyo imewahi kufanya kazi. Maneno hayo yote yalitoka katika lugha za Tanzania; orodha ya msingi ya jiometri haina hata neno moja kutoka lugha za Mlima Kenya, ingawa lugha hizo ni za Kibantu na ziko karibu sana na Kiswahili kwa muundo. Malalamiko hayo ni ya haki. Pamoja na hayo, kuyatimiza sasa hakutamsaidia mtoto. Kimeru chenyewe ni Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kichuka, Kitharaka na vingine, na neno litakalomfurahisha mtu wa Maua laweza kuwa geni Chuka na geni zaidi Siakago. Ukaribu wa lugha hizi na Kiswahili wafaa kutumiwa kwa njia nyingine. Mtoto asemaye ithatũ nyumbani husikia tatu katika pembetatu bila kufasiriwa. Nusu ya istilahi hiyo tayari ni mali yake. Hawezi kusikia lolote kama hilo katika «trayango». Mwalimu wa hesabu anayelikwepa neno pembetatu kwa hofu ya kuchanganya lugha humnyima mwanafunzi daraja lililokwisha kujengwa.

Katika mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, sera imebakia ile ile ya lugha ya eneo kwa gredi tatu za mwanzo, na vitabu vya hesabu vya gredi hizo vimechapishwa kwa Kiingereza. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na pamoja nayo umeondoka mtihani uliokuwa sababu kubwa ya kukariri orodha ya maumbo. Orodha yenyewe haikuondoka. Vyuo vya ualimu vya Kigari, Egoji na Meru huwaandaa walimu wa Kiswahili na walimu wa hesabu chini ya paa moja, na katika shule nyingi ndogo za vijijini masomo hayo mawili huangukia mtu mmoja. Mtu huyo akichora pembetatu ubaoni katika kipindi cha hesabu na kuliandika neno pembetatu kando yake, kisha akarudi na kipimapembe katika kipindi cha Kiswahili, atakuwa amefanya jambo ambalo hakuna silabasi iliyomkataza.

Yamebaki maneno machache yasiyostahili kutetewa. Pia, kwa maana ya umbo, limetokana na mchezo wa watoto wa pwani. Bara husikika kama kiunganishi tu, na sentensi «chora pia» yaweza kumfanya mwanafunzi asubiri aambiwe achore nini tena. Koni, ambalo watoto wa Embu mjini na Meru mjini wamelipata katika aiskrimu, lingefaa zaidi, nalo kwa asili ya Kigiriki ni tunda la msonobari, mti ambao jamii yake imepandwa kwa wingi katika misitu ya mlima huo. Duaradufu nalo lina ila. Sikio la kawaida hulisikia dufu kama chakula kisicho na ladha, na mwalimu akiulizwa duara limepungukiwa na nini hata likaitwa hivyo, hana la kujibu. Hilali ni mwezi mwandamo na si umbo la jiometri hata kidogo. Limeingizwa katika orodha kwa ajili ya kuijaza. Tufe, kinyume chake, lilidhaniwa kuwa neno la vitabuni, kumbe limeokolewa na riadha: watangazaji wa redio wamekuwa wakitaja urushaji wa tufe kwa miaka mingi, na mtoto aliyelisikia huko hujua tayari kwamba tufe ni zito, ni la mviringo kila upande, na kwamba likianguka chini halichagui litulie kwa upande gani.